Shule zetu zifundishe dini ya Masingasinga? Mjadala, wana Nyanda za Juu Kusini karibuni

Mnyalukolo_Kihesa: Wakuu, kamwene. Jana stendi ya zamani hapa Iringa vijana wa bodaboda wamemzomea mzee wa Kisingasinga, "Osama! Osama!" Mzee wa watu na kilemba chake anatafuta gari ya Mafinga, hana habari na mtu. Hoja yangu: vipindi vya dini shuleni kila mtoto anaenda kwa watu wake, Mkatoliki kwa padri, Mwislamu kwa ustaadhi. Anamaliza kidato cha nne hajui jirani anaabudu nini. Iwekwe mada ya dini za wenzetu walio wachache, tuanze na Masingasinga. Mnasemaje?

Boda_Mwanjelwa: Kwa hiyo wabaguzi wa nchi hii ni bodaboda? Abiria akikutukana sawa, trafiki akikubambikia kosa sawa, sisi tukimtania mzee basi mtaala ubadilishwe. Mashehe wenye vilemba wapo kibao, mbona hawalii?

Mwl_Makambako: Boda, Singasinga si Mwislamu, na Mhindu pia siyo. Mwanzilishi wao Guru Nanak (guru ni mwalimu wa dini) amezaliwa 1469 huko Punjab, wakamfuata maguru tisa, halafu kitabu chao chenyewe, Guru Granth Sahib, kikawa ndiyo guru mpaka leo. Mungu mmoja, matabaka hawayataki. Nywele hawakati, ndiyo maana wanafunga kilemba. Ila mleta mada, hicho kipindi atafundisha nani? Mimi hapa nina darasa linalokaa hadi dirishani.

Dada_Rungwe: Walimu wengi ninaowajua hata Sunni na Shia hawawezi kuwatofautisha, ndio waongezewe Masingasinga?

Mwl_Makambako: Dada, nimetoka kukueleza kitu usichokijua, malipo yake ndiyo haya. Hao "wengi" wako wataje.

Fundi_Uyole: Marehemu baba spana alifundishwa na Singasinga. Mkali yule mzee, ukikosea nati unaambiwa maneno ya Kipunjabi mpaka jioni, lakini chakula mnakula sahani za aina moja. Na yule bingwa wa Safari Rally, Joginder Singh, si alikuwa wa huku kwetu?

Dada_Rungwe: Mkenya. Alichukua 1965, 1974 na 1976. Msianze kuiba watu.

Mzazi_Njombe: Napinga. Hawa wanatembea na visu. Mwanangu arudi nyumbani aniambie kisu ni ibada?

Mwl_Makambako: Kinaitwa kirpan. Tangu 1699, Guru Gobind Singh alipoanzisha Khalsa, jumuiya ya Masingasinga waliokula kiapo, aliyeingizwa humo anakuwa na vitu vitano: nywele zisizokatwa, kitana, bangili ya chuma, kaptula maalumu ya ndani na hicho kirpan. Ni alama ya kumtetea mnyonge.

Mzazi_Njombe: Kisu ni kisu. Na hiyo kaptula mtawafundisha darasa la ngapi?

Boda_Mwanjelwa: Mwalimu, eti Uingereza Singasinga anaendesha pikipiki bila helmeti?

Mwl_Makambako: Ni kweli, akiwa na kilemba. Sheria ya 1976.

Boda_Mwanjelwa: Naanza kufuga nywele kesho. Trafiki wa hapa Kabwe wataisoma namba.

Dada_Rungwe: Wakishaingia Khalsa tumbaku marufuku, pombe marufuku. Wewe hata wiki humalizi.

Mnyalukolo_Kihesa: Tusitoke nje ya mada. Huo "utani" wa Osama Marekani uliua mtu. Balbir Singh Sodhi, Singasinga mwenye kituo cha mafuta Arizona, alipigwa risasi 15 Septemba 2001, siku nne tu baada ya yale mashambulizi ya New York. Muuaji aliona kilemba, basi. Angekuwa amefundishwa shuleni

Kyela_Original: Mhehe anayekula mbwa ndiye anatufundisha kuheshimu watu 😂😂

Mnyalukolo_Kihesa: Mbwa umeniona nikila wapi wewe? Lete ushahidi. Nina miaka yangu mjini hapa, hata bucha la mbwa silijui.

Kyela_Original: Nani alisema mnauziana buchani? 😂

Mnyalukolo_Kihesa: Taahira wewe.

Fundi_Uyole: Jamani, huo si utani tu?

Mnyalukolo_Kihesa: Utani na nani? Watani wetu Wangoni, tulipigana nao mpaka tukachoka, wana haki ya kusema. Huyu wa Kyela tulipigana naye lini?

Dada_Rungwe: Kumbe inauma. Vijana wa stendi nao si walisema wanatania?

Mnyalukolo_Kihesa: Usilinganishe, dada. Mimi hapa najibu. Yule mzee alikuwa peke yake, angemjibu nani?

Mzazi_Njombe: Wakinga nao wanasemwa kila siku kwamba utajiri wao ni wa dawa. Mbona hakuna aliyeomba tuwekewe mada shuleni?

Boda_Mwanjelwa: Kwani uongo?

Mzazi_Njombe: Nimeamka saa tisa za usiku miaka yote kufuata mzigo, halafu mtu analala mpaka jua linawaka anasema dawa. Njoo dukani kwangu Makambako nikuonyeshe madaftari ya madeni. Dawa gani inayokopesha?

Mwl_Makambako: Nani anajibu swali langu la mwalimu wa kufundisha?

Fundi_Uyole: Mwalimu wa nini, watoto wapelekwe gurdwara, nyumba yao ya ibada. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa chini na tajiri na maskini, mnakula pamoja. Langar hiyo, hawaulizi dini ya mtu, wala hulipi.

Boda_Mwanjelwa: Bure? Nyama ipo?

Fundi_Uyole: Dengu, chapati, mboga. Nyama hawapiki pale, ili kila mtu aweze kula.

Kyela_Original: Basi mleta mada hatakanyaga 😂

Mnyalukolo_Kihesa: Moderata, huyu apigwe bani.