Eti aliyelitengeneza hapatikani! Na MIMI hapa ni nani?

Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka kugombana na yule jamaa sasa hivi. Mnamjua. Macintosh wa zamani, yule wa kioo cha inchi 9, nyeusi na nyeupe tu, ukimwasha anakuchekea kama mtu mwema. Nimemtoa kwa wauza vyuma chakavu, nikamfuta vumbi, haya ndiyo malipo yangu.

Nina kafaili ka maandishi matupu. Hakana picha, hakana rangi. Michango ya harusi ya mdogo wangu, mistari 40, nimeiandika mwenyewe kwenye mashine nyingine. Nabonyeza mara mbili. Kanatokea kasaa ka mkono. Nimechemsha chai, nimekunywa, watoto wamemaliza chuo. Mara boksi: halifunguki, programu iliyolitengeneza haipatikani.

Nimelitengeneza MIMI! Nimekaa mbele yako! Daftari huwa linagoma kufunguka kisa kalamu imepotea?

Na chini kitufe kimoja tu: sawa. Sawa nini? Nani kasema sawa?

Mpiga Pasi: Umebishana na boksi mpaka saa 8 usiku? Mchango wangu umo humo au ndiyo imetoka hiyo?

Fundi Nati: Punguza munkari mkuu. Kwake .txt mwishoni mwa jina ni pambo tu. Kila faili lina vitambulisho viwili vilivyofichwa, herufi 4 kila kimoja: aina yake, na programu iliyolizaa. Lako limevuka mpaka bila karatasi. Lifungue kwa ResEdit, programu ya kuhariri vilivyofichwa kwenye faili, andika TEXT (yaani maandishi) na ttxt (yaani TeachText, kaprogramu kake ka kusomea maandishi), limekwisha.

Mleta uzi: Yaani orodha ya michango inadaiwa cheti cha kuzaliwa? Halafu SAWA!

Kobe wa Mtaa: Lisizidi kilobaiti 32 tu. Likizidi, kale kaprogramu kanakwambia ni kubwa mno.

Dada Stoo: 32 mnalia? Yule mpinzani wake Windows, daftari lake la zamani, Notepad, liligoma kwenye 64. Na faili lililotoka Unix, mfumo mwingine wa kompyuta, alikuwa analimwaga mstari mmoja kutoka hapa mpaka Kigoma. Wamekuja kurekebisha 2018!

Mleta uzi: LIMEFUNGUKA. Ila kila mstari unaanza na kiboksi. Nani anajua hivi viboksi?

Mpiga Pasi: Mimi simsamehe kwa disketi. Ili itoke eti uburute picha yake kwenye pipa la taka! Mara ya kwanza nilifumba macho.

Kobe wa Mtaa: Heri yako ilitoka. Yangu niliitoa kwa klipu ya karatasi.

Dada Stoo: Na kibodi yake ya 1984 isiyo na mishale je?

Mleta uzi: Jamani, viboksi.

Mpiga Pasi: Klipu kubwa au ndogo?

Kobe wa Mtaa: Ndogo. Inyooshe kwanza.