Nyumba Nairobi kwa wakati huu: ya serikali, ya mkopo, ya kwenye ramani, au kujenga pole pole?

Mpangaji wa Embakasi:
Wanajukwaa, nawasalimu. Akiba yangu na mke wangu inatosha kuanza njia moja tu: nyumba za serikali kupitia Boma Yangu (tovuti ya serikali ya kujiandikishia nyumba hizo), mkopo wa benki, nyumba inayouzwa ikiwa bado kwenye ramani, au ploti Kamulu, pembezoni mwa jiji, tujenge kidogo kidogo. Bei nimekwisha kuzilinganisha. Ninachotaka kujua ni njia ipi itatuumiza kidogo zaidi hali ikibadilika, kwa kuwa ajira ya mke wangu ni ya mkataba.

Karani wa Sacco:
Ndugu, anza na riba. Mkopo wa shilingi milioni 4 kwa miaka 20 hulipwa takriban 52,700 kwa mwezi riba ikiwa asilimia 15, lakini ikiwa 9.5 utalipa kama 37,300. KMRC (Kenya Mortgage Refinance Company), kampuni iliyoundwa mwaka 2018, huzikopesha benki na Sacco fedha za muda mrefu ili mwananchi apate mkopo wa nyumba kwa riba ya chini ya asilimia 10. Uliza kwa maandishi kama riba hiyo haitabadilika. Kiwango cha riba cha Benki Kuu kilifika asilimia 13 mapema 2024 kabla ya kuanza kushuka Agosti, na wenye mikopo ya riba inayopanda na kushuka ndio walioubeba mzigo huo. Kumbuka pia kwamba sheria ya ajira hairuhusu makato kuzidi theluthi mbili ya mshahara, nawe tayari unakatwa asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba na 2.75 ya bima ya afya, kodi ya mapato kando.

Fundi wa Juja:
Mimi natetea ploti. Shilingi ilipodhoofika hadi karibu 160 kwa dola Januari 2024, vyuma vilipanda bei kwa sababu malighafi yake huagizwa kutoka nje. Aliyekuwa akijenga kwa fedha zake aliweza kusimamisha kazi kwenye msingi, akavifunika vyuma vya nguzo visishike kutu, akangoja bila kudaiwa na yeyote. Lakini Kamulu ina udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi, kwa hiyo chimba shimo la majaribio kabla ya kulipa. Nimeona msingi ukimeza fedha zilizotengewa kuta.

Mama Wakili:
Mwanangu, nyumba ya kwenye ramani ndiyo ninayoihofia zaidi, kwa sababu malipo yako ndiyo yanayomjengea muuzaji, na gharama zikimshinda unabaki na risiti tu. Ukiichagua, fedha zako zishikiliwe na mawakili na zitolewe kulingana na hatua za ujenzi, kisha hakikisha utapata hati ya nyumba yako yenyewe chini ya sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za jengo. Kwa nyumba za serikali, mnunuzi wa mara ya kwanza husamehewa ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani ya nyumba. Tatizo ni kwamba huenda usipewe nyumba mahali unapopataka.

Mpangaji wa Embakasi:
Shukrani, Mama, nanyi ndugu. Ya kwenye ramani tumeiondoa. Ndugu Karani, je, Sacco hukubali hati ya ploti pekee kuwa dhamana, au hudai pia wadhamini?