Kipindi cha sanaa Ijumaa saa 6:20 mchana: hii ratiba kaipanga nani?

Wakuu, salaam.

Niko Bagamoyo, mzazi wa kijana wa kidato cha pili katika shule moja ya kutwa hapa mjini. Jina la shule silitaji, msinichokonoe, mtoto bado yuko mle ndani na walimu nao wana simu. Leo natoa dukuduku tu. Mwenye povu lake alilete, ila asome kwanza.

Kijana wangu anasoma Sanaa za Ufundi. Kachagua mwenyewe, sikumlazimisha. Januari ratiba ilibandikwa vizuri kabisa: Jumanne, vipindi viwili mfululizo kabla ya mapumziko ya uji. Dakika 80. Nikasema hawa wanajua wanachofanya.

Machi wakavipasua. Kimoja Jumatatu, kimoja Alhamisi, dakika 40 kila kimoja. Aliyewahi kushika brashi anajua maana yake. Mtoto akachote maji, abandike karatasi, achanganye rangi, na mwisho asafishe vyombo asije akamkwaza mwalimu anayefuata. Hapo katikati unabaki na dakika ishirini za kuchora, na rangi ya maji haijakauka kengele inalia. Siku moja kaniletea picha ya mlango wa nakshi, ile milango ya kule Mji Mkongwe. Bawa la kulia limepakwa likapendeza, la kushoto penseli tupu. Namuuliza mbona mlango wako umeishia njiani? "Kengele, baba."

Hilo nilimeza. Baada ya likizo ya Juni ndiyo nikaona maajabu. Hisabati imeomba nafasi, Fizikia imeomba nafasi, kwa hiyo Sanaa imehamia Ijumaa, saa 6:20 hadi saa 7:40 mchana. Ijumaa! Bagamoyo! Wenyeji wa huku hapa mmeshacheka. Saa hiyo nusu ya darasa iko msikitini, kijana wangu akiwemo, na mwalimu wa Sanaa mwenyewe yuko safu ya mbele. Anayekwenda kuswali anakosa somo, anayebaki darasani anakosa mwalimu. Vipindi vimerudi kuwa viwili mfululizo kama nilivyotaka, ila wa kuvitumia hayupo.

Nilichukua daftari lake nikahesabu tarehe. Toka Januari mpaka wiki iliyopita, zaidi ya wiki ishirini za masomo, tarehe ziko tisa. Tisa! Moja kati ya hizo imeandikwa kichwa cha habari tu, "Kivuli na Mwanga", chini yake hakuna mstari hata mmoja.

Nikafunga safari mpaka kwa mwalimu wa taaluma. Alinipokea kwa heshima, hilo siwezi kumnyima. Akaniambia, "Mzazi wangu, Novemba tuna upimaji wa taifa. Kuchora hata nyumbani mtoto anaweza." Nikamuuliza, Hisabati je, nyumbani haifanyiki? Mbona wana rimidio ya jioni, na Jumamosi mnawaita tena? Akacheka, akaangalia saa.

Sasa tuongee hesabu, kwa sababu watu wa taaluma wanapenda hesabu. Divisheni ya kidato cha nne inatafutwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi moja, F ni pointi tano. A ya Sanaa ni pointi moja ileile kama A ya Kemia, Baraza la Mitihani haliulizi umeipata kwa brashi au kwa bomba la kioo. Kijana wangu Fizikia anapata D na atazidi kupata D hata mkimfundisha mpaka usiku wa manane. Somo ambalo angeokota A ndilo mnalompunguzia. Hapo mnaitafutia shule ufaulu au mnaufukuza? Na mtihani wa Sanaa una vitendo, anakaa na karatasi anachora mbele ya msimamizi. Huo mkono hauwezi kukaririshwa wiki ya mwisho kama tarehe za Vita ya Majimaji.

Ila kinachoniuma zaidi ni hiki. Mwaka huu Mwenge ulipokaribia kupita kwetu, watoto walitolewa darasani siku nane kufanya mazoezi ya ngoma na ngonjera. Siku nane, asubuhi, vipindi vya Hisabati na Fizikia vikiwemo! Sikusikia mtu akisema upimaji wa taifa uko Novemba. Kumbe muda upo. Sanaa ya kumchezea mgeni ina muda, sanaa ya mtoto kujifunza ndiyo haina. Kipindi chake kimefanywa kibubu cha shule: kila mwenye shida anakuja kuchomoa, wa kurudisha hayupo.

Na haya yanatokea Bagamoyo, si mji mwingine. Chuo cha Sanaa kiko hapahapa toka 1981, siku hizi tunakiita TaSUBa. Watu wanatoka nje ya nchi kuja kujifunza ngoma, uchoraji na uchongaji, sisi mtoto wetu anapitia getini kwao akirudi nyumbani na daftari lenye tarehe tisa.

Mwalimu wa Sanaa simlaumu. Yuko peke yake, na wamemwongezea Kiswahili mikondo mitatu. Nilikutana naye sokoni akaniambia rangi ananunua kwa pesa yake. Nikaona aibu mimi.

Nisisahau kusema ninachokula. Mimi ni mwandika mabango. Maduka, saluni, majina ya vyombo pale ufukweni, hiyo ndiyo kazi yangu mwaka wa kumi na saba huu. Michango yote ya shule inatoka kwenye brashi. Ile ramani ya Tanzania na ile "Dira na Dhamira" kwenye ukuta wa ofisi ya hiyohiyo shule nimezichora mimi, bure, wakaita mchango wa mzazi. Kwa hiyo mtu asiniambie sanaa hailipi. Hailipi ukiifanya bure kwa shule.

Ninachotaka ni kidogo. Turudishiwe Jumanne yetu, dakika 80, kabla ya uji. Kama Jumanne imeshachukuliwa, basi siku yoyote isiyo Ijumaa mchana. Mwenye uzoefu wa kulipeleka jambo hili kwenye bodi ya shule bila mtoto kuonekana mkorofi anielekeze.

NYONGEZA: Mnaosema nimhamishe mtoto, asanteni, nauli mtanitumia nyinyi. Na yule aliyesema kuchora ni kipaji, hakihitaji kipindi, mwanao ana kipaji cha mpira, mbona ulimnunulia viatu?

NYONGEZA 2: Hii ya jioni hii. Nimepigiwa simu kutoka shuleni, nikadhani uzi umewafikia. Wapi! Kuna wageni wanakuja mwisho wa mwezi, rangi ya "Dira na Dhamira" imebanduka, wanaomba nikairudie. Nimewaambia nafasi niliyonayo ni moja tu, Ijumaa saa 6:20 mchana.