Ukimya wa majirani Wajapani: ni ubaridi, au ni ujirani wa aina nyingine?

Mpangaji wa Ghorofa ya Pili ameuliza:

Salaam kwenu nyote. Ninaishi katika mji wa wastani mkoani Shizuoka, ambako nimekuja kwa masomo ya uzamili, na ninaomba maoni ya wale waliokaa Japani kwa muda mrefu kuliko mimi. Mambo ya kiserikali hayakunisumbua: nilijiandikisha katika ofisi ya mji ndani ya siku 14 kama sheria inavyotaka, nikajiunga na bima ya afya ya taifa, ambayo humwachia mtu wa umri wangu asilimia 30 tu ya gharama za matibabu, na karani alinionyesha kwa subira kila mahali pa kutia sahihi. Kinachonishughulisha hakimo katika kijitabu chochote nilichopewa, nacho ni majirani.

Katika jengo letu watu wakikutana kwenye ngazi huinamisha kichwa, hutoa salamu fupi, na basi. Siyajui majina yao, kwa kuwa milango mingi haina hata kibao cha jina, na hakuna aliyewahi kuniuliza nimetoka wapi wala ninasoma nini. Hata hivyo, kila asubuhi ya siku ya taka ninaposhuka ninakuta wavu wa kuzuia kunguru umekwisha kutandazwa juu ya mifuko, na gari likishapita, mtu nisiyemwona hufagia pale na kuukunja wavu vizuri. Mara kwa mara ninakuta mlangoni pangu ubao uliobanwa karatasi za matangazo. Mtu akidondosha glavu njiani, mwingine huiokota na kuitundika kwenye uzio, mahali ambapo mwenyewe hatakosa kuiona. Saa 11 jioni vipaza sauti vilivyo juu ya nguzo hupiga muziki mfupi unaosikika mtaa mzima, na hakuna anayeonekana kushangaa isipokuwa mimi.

Swali langu ni hili: je, ukimya huu ni ubaridi, au kuna ujirani ambao siuoni kwa sababu ninautafuta katika mazungumzo? Na ikiwa upo, mgeni anaingiaje humo bila kujipendekeza na bila kuwakera wenyeji?

Mkazi wa Hamamatsu amejibu:

Ndugu, ujirani upo, na ubao huo unaoukuta mlangoni ni sehemu yake. Wenyewe huuita kairanban. Huzungushwa nyumba hadi nyumba na umoja wa wakazi, ambao mitaa mingi sana ya Japani inao, na hubeba matangazo ya ofisi ya mji, ya polisi na ya shule ya jirani: siku ya kusafisha mitaro, zamu za kutunza kituo cha taka, tahadhari dhidi ya matapeli wanaowapigia wazee simu wakijifanya kuwa watoto au wajukuu wao. Ukishasoma, unatia alama au muhuri penye jina la nyumba yako, kisha unaupeleka mlango unaofuata. Usiukalie. Ukikaa nao wiki nzima, nyumba zinazokufuata zitasoma tangazo la usafi wakati usafi umekwisha kufanyika. Hakuna atakayekuja kukugombeza, na hapo ndipo penye shida kwa mgeni, kwa sababu utaona salamu zimepungua joto bila kujua sababu.

Wavu wa kunguru nao ni zamu. Yule usiyemwona ni jirani ambaye wiki hiyo ni yake, na huenda nyumba yako imerukwa kwa sababu tu hakuna aliyejua namna ya kukueleza. Kama kuna jambo moja linalompa mgeni jina zuri au baya hapa, ni taka. Kila mji una kanuni zake. Mji mdogo wa Kamikatsu, mkoani Tokushima, ambao mwaka 2003 ulitangaza nia ya kutobakiza taka yoyote ya kuchoma wala kuzika, huzitenganisha katika makundi zaidi ya 40. Kwetu hatujafika huko, lakini chupa ya plastiki bado hutolewa kifuniko na karatasi yake, ikasuuzwa, ndipo ikawekwa mahali pake, na mfuko uliochanganywa ovyo huachwa pale pale na gari, ukiwa umebandikwa karatasi ya onyo, mbele ya macho ya kila apitaye. Hata barabarani hutaona mapipa mengi, kwa kuwa mengi yaliondolewa baada ya shambulio la gesi ya sarin katika treni za chini ya ardhi mjini Tokyo mwezi Machi 1995. Kwa hiyo mtu hurudi nyumbani na taka yake.

Mji wetu umezoea wageni. Sheria ya uhamiaji iliyofanyiwa mabadiliko mwaka 1990 iliwafungulia mlango Wabrazili wenye asili ya Kijapani, wakaja kwa wingi kufanya kazi katika viwanda vya huku, na leo ofisi ya mji hutoa maelezo ya taka na mengine mengi kwa Kireno. Pamoja na hayo, nilivyoona mimi, maelezo yaliyotafsiriwa hayakuleta ukaribu mkubwa kama ulioletwa na zamu zenyewe. Mtu akionekana na ufagio mkononi, mazungumzo humfuata bila yeye kuyatafuta.

Kuhusu namna ya kuingia, desturi ya anayehamia ni kugonga mlango wa kulia, wa kushoto, wa juu na wa chini akiwa na zawadi ndogo: taulo, biskuti au sabuni ya kufulia, kitu cha yen 500 hadi 1,000. Ikiwa muda wa kuhamia umekwisha kupita, safari yoyote hutosha kuwa kisingizio. Ukirudi kutoka Kyoto na kisanduku cha vitamutamu vya huko, hakuna atakayeona ajabu. Usipeleke kitu cha thamani, maana utamtwisha mwenzako deni: desturi humtaka arudishe kitu cha karibu nusu ya thamani ya alichopewa, naye ataanza kukukwepa kwa sababu ya mzigo huo. Baada ya hapo usitarajie kualikwa ndani. Tarajia kwamba majira ya baridi utakuta mfuko wa machenza ya Mikkabi, sehemu ya mji wetu, umetundikwa kwenye kitasa chako, bila maandishi yoyote, nawe utalazimika kukisia ni nani.

Asiyekubali Haraka amejibu:

Ninaheshimu maelezo ya ndugu wa Hamamatsu, lakini ninaomba tusiipambe hali kupita kiasi. Wizara ya Sheria ya Japani ilifanya uchunguzi mwaka 2016 miongoni mwa wakazi wa kigeni, na karibu wanne katika kila kumi waliokuwa wametafuta nyumba katika miaka mitano iliyotangulia walisema waliwahi kukataliwa kwa sababu tu ni wageni. Mwanafunzi ambaye chuo kimempatia chumba halioni jambo hili. Huliona siku anapohitimu, anapokaa mbele ya dalali wa nyumba, na dalali anampigia mwenye nyumba simu, anataja kwa sauti ya chini kwamba mteja ni mgeni, kisha anakata na kusema kwa heshima zote kwamba chumba kile kimekwisha kuchukuliwa. Kuna kiti cha treni kinachobaki wazi kando yako ilhali watu wamesimama. Kuna askari anayekusimamisha ukiwa juu ya baiskeli ili alinganishe namba ya usajili na jina lako, ingawa vijana wa Kijapani wamekupita wakiendesha kasi zaidi.

Hoja yangu ya pili inawahusu Wajapani wenyewe. Ikiwa ujirani huu wa kimya unatosha, mbona unawapita hata wenyeji? Idara ya Taifa ya Polisi ilihesabu zaidi ya watu 76,000 waliofariki mwaka 2024 wakiwa peke yao majumbani mwao, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa na umri wa miaka 65 au zaidi. Serikali iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2021, na sheria maalumu ya kupambana na upweke ikaanza kutumika Aprili 2024. Nchi haitungi sheria ya namna hiyo ikiwa ubao wa matangazo unafanya kazi yote. Katika sensa ya mwaka 2020, kaya za mtu mmoja zilikuwa asilimia 38 ya kaya zote, na katika majengo ya vyumba vidogo kama unamokaa, jirani yako huenda naye hamjui mtu yeyote. Basi usijilaumu ukiona hupokelewi. Inawezekana hakuna kikundi cha kukupokea.

Mama wa Nada, Kobe amejibu:

Kaka hapo juu, kuhusu nyumba sikupingi hata kidogo, na kuhusu kiti cha treni nimekizoea hadi ninakitumia kuwekea mkoba. Lakini umeupima ujirani wa hapa kwa siku za kawaida peke yake, ilhali umeandaliwa kwa siku isiyo ya kawaida.

Mimi ninaishi Kobe. Tarehe 17 Januari 1995, saa 11:46 alfajiri, tetemeko liliipiga sehemu hii na kuua zaidi ya watu 6,400. Wengi wa waliotolewa hai chini ya vifusi hawakutolewa na zimamoto wala jeshi, kwa kuwa barabara zilikuwa zimeziba na moto ulikuwa unawaka kila upande. Walitolewa na jamaa zao na majirani. Mfano unaotajwa sana huku ni mji wa Hokudan, katika kisiwa cha Awaji, jirani kabisa na kitovu cha tetemeko. Watu wa pale walijua kila mzee hulala chumba gani, hivyo walichimba moja kwa moja mahali penyewe, na kazi ya kuwatafuta waliofukiwa ikamalizika siku hiyo hiyo. Anayejua unalala wapi huenda hajawahi kunywa chai nyumbani kwako.

Ndiyo maana ninamshauri mpangaji aanzie kwenye mazoezi ya maafa. Muziki wa saa 11 unaokushangaza ni njia ya kuhakikisha kila siku kwamba vipaza sauti vya tahadhari vinafanya kazi. Shule ya msingi ya mtaani kwako huenda ndiyo itakuwa mahali pa kukimbilia, na watakaogawa maji na mablanketi ni watu hao hao wa umoja wa wakazi. Mitaa mingi hufanya mazoezi karibu na tarehe 1 Septemba, siku ya kukumbuka tetemeko kubwa la Kanto la mwaka 1923. Watu hujifunza kutumia kizima moto, kupitisha ndoo kwa safu na kupika wali katika sufuria kubwa uwanjani. Pale, mgeni kijana ni mtu anayetakiwa, kwa sababu mitaa imejaa wazee na mikono ya kubeba ni michache. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2013 inazitaka serikali za miji ziwe na orodha ya watu watakaohitaji kusaidiwa kukimbia, na katika mtaa wetu tumegawana: mimi nimepewa bibi wa ghorofa ya chini anayetumia kiti cha magurudumu. Hatuongei zaidi ya hali ya hewa. Lakini ananijua kwa jina, nami ninajua dawa zake ziko droo gani.

Kuhusu wazee wanaofariki peke yao, kaka, takwimu zako zinaniuma, na ninakubali kwamba utaratibu huu unawaacha nje wale wasiofungua mlango. Hapa mjumbe wa ustawi wa jamii, ambaye ni mkazi mwenzetu asiyelipwa mshahara, huwatembelea, ila hawezi kumlazimisha mtu.

Mpangaji wa Ghorofa ya Pili ameandika tena:

Ninawashukuru sana. Sikuwahi kuuhusisha muziki ule na matetemeko. Nimebaki na jambo moja: ikiwa ubao unanifikia, je, ina maana nimekwisha kuhesabiwa kuwa mwanachama? Na je, mwanafunzi analazimika kulipa ada, kwa kuwa simjui mtu wa kumlipa?

Mkazi wa Hamamatsu amejibu:

Katika majengo ya kupangisha, mara nyingi ada huingizwa katika gharama za pamoja unazolipa kila mwezi pamoja na kodi. Tazama mkataba wako au muulize msimamizi wa jengo. Uanachama wenyewe ni wa hiari. Mahakama ya Juu Kabisa ya Japani iliamua mwaka 2005, katika kesi ya wakazi wa nyumba za mkoa huko Saitama, kwamba mwanachama anaweza kujitoa wakati wowote kwa kutoa taarifa tu, ingawa gharama za pamoja za jengo, kama taa za ngazi na usafi, bado atazilipa. Ninakueleza haya ili ujue haki yako. Mimi ningelipa, kwa kuwa kwa kawaida ni yen mia chache kwa mwezi, na vituo vingi vya taka hutunzwa kwa fedha hizo.

Asiyekubali Haraka ana haki ya kushuku, na jengo lako linaweza kweli kuwa halina umoja wowote unaofanya kazi. Njia ya kulijua hilo ni rahisi: ubao ukija tena, tazama kama una orodha ya zamu na jina la kiongozi wa kikundi. Vikiwepo, mpelekee kiongozi huyo ada wewe mwenyewe badala ya kuitumbukiza kwenye sanduku lake la barua, na umwambie kwamba zamu ya wavu ikufikie nawe. Siku ya kusafisha mitaro vaa mikono mirefu kwa ajili ya mbu, chukua glavu, na ufike dakika kumi kabla ya saa iliyoandikwa, kwa maana saa hiyo ikifika kazi huwa imekwisha kuanza.