Mauzauza ya bustani za wanyama usiku: tupeane uzoefu

Lindo la Usiku: Wakuu, kila bustani ya wanyama ina kona ambayo walinzi huipita wakikohoa. Kilio cha mtoto, macho yanayoelea, komeo lililofungwa jioni likakutwa wazi asubuhi. Leteni visa, lakini leteni na kilichokutwa baada ya kukagua. "Niliambiwa na babu" kaeni nazo.

Mti Mkavu: Tuanze na kilio. Perere! Mwili wa sungura, sauti ya mtu anayenyongwa. Anaanza kama bawaba yenye kutu, anapanda hatua kwa hatua, kisha mayowe. Dalili yake ni kwamba sauti inatoka juu mtini na inarudiwa kwa mpangilio uleule. Komba analia kama kichanga, kwa vipande vifupi vyenye mapumziko. Ukisikia mtu anaita kwa kuvuta karibu na alfajiri, huyo tausi. Ukisikia msumeno unakata gogo, kwenda na kurudi, huyo chui, na usiende kuhakikisha.

Bi Tochi: Nakazia. Ongeza makinda ya bundi darini, yanakoroma kama mzee aliyeshiba.

Nukta Mbili: Macho sasa. Wanyama wengi wa usiku wana tabaka nyuma ya jicho linalorudisha mwanga kulekule ulikotoka, ndiyo maana tochi ya kiunoni haioni kitu. Iweke pembeni ya jicho lako, usawa wa sikio, halafu zungusha polepole. Macho mawili pamoja yakikutazama, mara nyingi ni mla nyama. Jicho mojamoja likipita, mla majani kageuza shingo. Mekundu yaliyokaa usawa wa maji ni mamba. Yanayozimika hapa na kuwaka mita tatu pembeni ni komba karuka. Nukta ndogo nyingi nyasini ni buibui. Na kubwa kuliko yote: binadamu hana tabaka hilo, wala sokwe. Kwa hiyo hadithi ya "macho ya marehemu mlinzi yaling'aa" ianguke hapohapo.

Shombo: Marehemu anaweza kuwa kaongezewa huko aliko 😂

Kufuli Mbili: Milango inayofunguka yenyewe ndiyo inayoua watu, tuache utani. Mwaka 1968, Omaha, Marekani, orangutani, jamaa wa sokwe, walikutwa nje ya zizi, juu ya miti. Wahudumu wakalaumiwa kwamba wamesahau mlango. Ukafungwa, ukakaguliwa, na bado wakatoka tena. Hapo ndipo minong'ono huanza, na wahudumu huanza kusalitiana. Ikabidi wawavizie. Dume aliyeitwa Fu Manchu alishuka kwenye njia ya hewa hadi kwenye handaki kavu, akaufikia mlango wa chumba cha tanuru, akauvuta kwa nguvu mpaka ukaacha mwanya, kisha akapenyeza kipande cha waya na kusukuma ulimi wa kitasa. Na waya huo hakuuacha sakafuni: aliuficha mdomoni, kati ya mdomo na ufizi. Chama cha mafundi kufuli wa huko kikampa uanachama wa heshima.

Funzo la kazi: kitasa cha ulimi wa kuteleza hakifai kwa jamii ya sokwe. Weka komeo nene linalopita kwenye pete mbili na kufuli upande ambao mkono wake haufiki. Ukishafunga, vuta. Ukishavuta, sukuma, maana mlango mwingine unakaza ukivutwa na kuachia ukisukumwa. Mlango wa ndani na wa nje visiwe wazi kwa wakati mmoja hata kwa sekunde. Na fagia zizi ukitafuta waya, misumari na vipini vya ndoo.

Bi Tochi: Ndani ya mdomo?! Siku zote anatafuna chakula na waya uko humo?

Shombo: Mwaka mzima mnatafuta jini kumbe jini ana cheti cha ufundi.

Kufuli Mbili: Sikusema mwaka mzima. Soma vizuri.

Lindo la Usiku: Jamani, turudi kwenye mada.

Udongo Mwekundu: Mada yenyewe hii hapa. Bustani ya Lincoln Park, Chicago, iko kwenye eneo la makaburi ya zamani ya mji. Maiti zilianza kuhamishwa, wengi wakabaki, na moto mkubwa wa 1871 ukateketeza alama nyingi za mbao. Kaburi la mawe la familia ya Couch bado limesimama karibu na hapo. Wakisema chini kuna watu, si hadithi.

Nukta Mbili: Kuwepo mifupa si kuwepo mzimu.

Udongo Mwekundu: Nani kasema mzimu? Nimesema mifupa. Fundi bomba akichimba huko anatakiwa ajue.

Feni Mbovu: Kuna hisia ya "kuna mtu nyuma yangu". Vic Tandy, mhandisi wa Coventry, aliipata maabarani kwake, hadi akaona kivuli pembeni ya jicho. Siku moja upanga wa mchezo aliobana kwenye jiliwa ukawa unatetemeka wenyewe. Chanzo kilikuwa feni ya kutolea hewa, mawimbi ya sauti ya hertz 19 hivi, yaani mitetemo 19 kwa sekunde, sikio halisikii. Aliandika hayo 1998. Kwa hiyo nyumba ya mijusi ikikutisha, zima feni kwa dakika kumi uone.

Nukta Mbili: Feni moja, chumba kimoja. Usiifanye sheria.

Kufuli Mbili: Na usizime feni kabla ya kuangalia hita za gesi au mafuta! Kichwa kuuma, kichefuchefu, kusikia nyayo, na wenzako wote wa chumba hicho wanaumwa pamoja: shuku kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Toka nje kwanza, ubishi baadaye.

Shombo: Mmoja anasema zima, mwingine anasema usizime. Tunakufa na nani?

Mti Mkavu: Mimi nasema chumvi ya mawe mlangoni. Haifukuzi jini, ila swala wanaramba.

Bi Tochi: Na chumba cha baridi cha mizoga? Ukifunga na kurudi kufungua papo hapo, mtu anakishika kwa ndani.

Kufuli Mbili: Hewa yenye joto iliingia ulipofungua, ikapoa, ikasinyaa, na mgandamizo wa nje ukaubana mlango. Subiri dakika moja au mbili utaachia. Usipoachia, vali ya kusawazisha hewa imeziba barafu. Ipanguswe na hita yake ikaguliwe. Kugonga unakosikia ni barafu inadondoka mitambo ikijiyeyusha. Ila jaribu kila wiki kitufe cha kufungulia kilicho ndani, maana siku nyingine anayegonga ni mhudumu.