Wakodishaji wa viatu vya mlima Moshi, mnatuumizia wageni

Wakuu, naongoza wageni Kilimanjaro na hili la viatu vya kukodi limenifika kooni.

Mgeni anaingia dukani jioni, swali analoulizwa ni moja tu: "Unavaa namba ngapi?" Akisema 42 anatupiwa 42, analipa, kesho asubuhi yuko getini. Hakuna wa kumwambia avae kwanza soksi nene atakazopandia. Kwani hamjui 42 ya kampuni hii siyo 42 ya kampuni ile? Na zile zenye namba za Uingereza mnakisia tu, 8 au 9, atajua mwenyewe huko juu!

Wakati wa kupanda kiatu kinachobana kinanyamaza. Kasheshe ni kushuka. Toka Uhuru, mita 5,895, mpaka geti la Mweka unashuka zaidi ya mita 4,000, na kila hatua vidole vinagonga mbele. Safari iliyopita tumemvua dada mmoja buti kambini, soksi imegandia kisigino kilichochunika, kucha za vidole gumba zote mbili nyeusi. Narudisha buti dukani naambiwa eti "hajazoea mlima huyo". Mlima unahusika vipi na buti fupi?

Halafu soli. Buti ngozi inang'aa, ukiliona utadhani jipya, kumbe lile tabaka laini la ndani ya soli limeshaoza. Likikaa miaka stoo linaoza lenyewe kwa unyevu, hata kama halijavaliwa. Mnapiga gundi, mnakodisha. Soli inakuja kuachia kwenye changarawe za juu ya kambi ya Kibo, saa nane usiku, baridi kali, mimi nimepiga magoti nafunga kiatu cha mtu kwa kamba na selotepu.

Na wagumu wetu, wabeba mizigo wa mlimani, ndio kabisa. Mtu ana kilo 20 za kampuni kichwani, miguuni ana raba za mtumba za soko la Memorial zinazompwaya, amejaza magazeti kwa mbele. Wakaguzi wa kampuni wakija, anaazima buti za mwenzake apite. Wanaangalia kama ana buti, kama zinamtosha hakuna anayejali.

Kupima hakuhitaji hata mashine. Njoo jioni, mguu ukiwa umeshavimba kwa mizunguko ya siku. Vaa soksi zako (za pamba acha nyumbani, zinashika jasho na kuleta malengelenge), sukuma mguu mpaka mbele kabla ya kufunga kamba: kidole kimoja cha mkono kipite nyuma ya kisigino. Funga, tembea, kisigino kisinyanyuke. Kisha shuka ngazi. Vidole vikigusa mbele, rudisha hata kama ni bei ya kutupa. Dakika kumi hizo, na bado kuna wenye maduka wananuna mteja akiomba kutembea nje!

Kama kuna duka hapa Moshi linaloruhusu mteja kujaribu mpaka aridhike, litajeni hapa. Nina wageni wanaingia wiki ijayo.