Tupeane uzoefu: filamu na tamthilia za zamani za anga za juu ambazo hujazichoka mpaka leo

Mtazamaji wa Ilala

Habari zenu wadau. Naomba tukusanyike hapa sisi tunaopenda kazi za zamani, hasa zile za hadithi za kisayansi: roketi, roboti, wageni kutoka sayari nyingine. Taja moja iliyokushika na ueleze kwa nini, usimwage majina ukapita. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: nyingi za kabla ya kompyuta zilikuwa na hadithi nzito kuliko za sasa, kwa sababu hazikuwa na pesa ya kukupumbaza macho.

Naanza mimi. The Twilight Zone ya Marekani, 1959 hadi 1964, episodi 156, karibu kila moja ni hadithi inayojitegemea. Iliyoniingia ni The Monsters Are Due on Maple Street ya 1960. Mtaa wa kawaida, watoto wanacheza, mtu anaosha gari. Kitu kinapita angani kwa mwanga na ngurumo, mara umeme hakuna, simu hazifanyi kazi, magari hayawaki. Mtoto mmoja anasema amesoma kwenye kitabu cha katuni kwamba wageni wa angani hutanguliza watu wao wenye sura kama zetu. Basi, hapo ndipo mtaa unapoharibika. Gari la mmoja linawaka lenyewe, anakuwa mshukiwa. Tena huyo huyo ana mazoea ya kutoka usiku kutazama angani, anaanza kuulizwa anamsubiri nani. Giza likishaingia mtu anaonekana kwa mbali anakuja kwa miguu, anapigwa risasi. Kumbe ni jirani yao, alikuwa amekwenda kuangalia kama mtaa wa pili una umeme.

Niliitazama na shemeji yangu kwenye laptop usiku wa mgao, mtaa wetu wote giza. Ilipofika kwenye lile gari aliniambia nisimamishe kwanza. Akakaa kimya, kisha akaanza kunisimulia walivyomfanyia bibi mmoja kijijini kwao kwa sababu ya macho mekundu. Filamu ya dola milioni mia mbili haijawahi kumfungua mdomo namna ile.

Na Rod Serling, aliyebuni kipindi hiki na kuandika sehemu kubwa ya episodi zake, alijua anachofanya. Mwaka 1956 alitaka kuandika tamthilia iliyotokana na mauaji ya Emmett Till, yule kijana mweusi aliyeuawa Mississippi. Wadhamini wa matangazo wakapitisha wembe mpaka haikubaki kitu. Akagundua kwamba yale yale akiyatia kinywani mwa watu wa Mars, hakuna wa kumzuia.

Binti Likoni

Hamjambo. Mimi ni Star Trek, tamthilia ya chombo cha angani na watu wake, ile ya kwanza kabisa, ya 1966 hadi 1969. Baba alikuwa na kanda za VHS alizoletewa na nduguye baharia, na deki yetu ilikuwa ikila kanda hadi tukajifunza kuzitoa kwa uma.

Episodi ya kwanza kuonyeshwa hewani, The Man Trap, ina kiumbe kinachobadilisha sura. Kila mtu anaona kile ambacho moyo wake unakitaka. Daktari McCoy anamwona mwanamke aliyempenda zamani, tena hajazeeka hata kidogo. Kikifika kwa Luteni Uhura, ofisa wa mawasiliano, kwenye ujia wa chombo, kinakuwa mwanamume mweusi mrefu, kisha kinamsemesha kwa Kiswahili. Naye anamjibu! Lafudhi zao zilikuwa nzito, lakini ndugu zangu, sisi tulipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Baba akairudisha nyuma, akairudisha tena. Chombo cha karne ya 23, kiko maili na maili kutoka duniani, na lugha ya mapenzi waliyomchagulia yule dada ni ya kwetu.

Waliomwandika walijua hasa, maana jina lenyewe walilitoa kwenye uhuru. Mwaka uliofuata, katika The Changeling, mashine iitwayo Nomad inamfuta kumbukumbu, na wakati anafundishwa upya kusoma Kiingereza anateleza na kurudi kwenye Kiswahili.

Nichelle Nichols, aliyemwigiza Uhura, alisimulia mwenyewe kwamba baada ya msimu wa kwanza alitaka kuondoka aende kwenye jukwaa la muziki na maigizo, na Martin Luther King ndiye aliyemwomba abaki, kwa sababu watu walikuwa wanamwona mwanamke mweusi kazini, anaheshimiwa, si mtumishi wa nyumba. Baadaye, miaka ya 1970, akafanya kazi na NASA, shirika la anga la Marekani, kuwatafuta wanawake na watu weusi wajiunge na wanaanga. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, 1992, amesema hadharani kwamba Uhura alimtia hamu. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ya hadithi.

Kuhusu pesa namuunga mkono Mtazamaji. Vile vifaa vya tiba vya McCoy, vinavyowaka na kulia juu ya mgonjwa, vingine ni vikopo vya kunyunyizia chumvi mezani vilivyonunuliwa kwa ajili ya episodi hii hii, maana kiumbe chake kinaishi kwa chumvi. Vilionekana vya ajabu mno, mtazamaji asingejua kwamba ni vya chumvi, basi vikapewa daktari, na kwenye meza vikawekwa vya kawaida.

Fundi Mitambo

Wakuu mnaongea vizuri ila mnaonea pesa bure. 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, 1968, ilikula fedha nyingi na kila senti inaonekana kwenye hadithi. Waliagiza gurudumu la chuma la karibu mita 12 kwenda juu, tani 30, likajengwa na kampuni ya Vickers-Armstrongs, Uingereza. Ndani yake kuna viti, vitanda, meza, vyote vimekazwa. Mwigizaji anakimbia mazoezi, gurudumu linazunguka kama la panya, yeye anabaki chini muda wote, lakini kamera inakuonyesha mtu anayekimbia ukutani hadi darini na kurudi. Hakuna kompyuta hapo, ni uhandisi. Niliisimamisha na kuchora kwenye karatasi hadi nikaelewa kamera imefungwa wapi.

Halafu kimya. Dakika 25 za mwanzo hakuna mtu anayesema neno. Ni sokwe-watu na mawe, na ile mandhari nyuma yao ni picha zilizopigwa Namibia, wakazimulika kwa projekta ndani ya studio. Ukifika nje ya chombo husikii mlipuko wala muungurumo, unasikia pumzi za mtu ndani ya kofia, kwa sababu huko hakuna hewa ya kubeba sauti. Filamu ngapi za leo zina ujasiri huo?

Sasa HAL, ile kompyuta inayoendesha chombo, haina sura. Ni jicho jekundu na sauti ya upole. Inapofunguliwa na kuanza kunyofolewa kumbukumbu inasema inaogopa, na sauti haipandi hata kidogo. Mimi natengeneza mashine kila siku na sehemu ile siiwezi.

Mzanzibari wa London

Asalaam alaykum. Fundi, nakubaliana nawe kuhusu HAL. Lakini mimi nimelelewa na Doctor Who, tamthilia ya BBC ya msafiri wa anga na wakati aitwaye Daktari. Tulihamia hapa nikiwa mdogo, na Jumamosi jioni mama anapika, mimi na kaka yangu tuko mbele ya BBC. Daktari wetu alikuwa Tom Baker, yule wa skafu. Skafu ile ilikuwa ndefu kwa sababu mfumaji, Bi Begonia Pope, alipewa nyuzi nyingi achague, naye akazifuma zote. Ikabaki hivyo hivyo. Bibi yetu alipoiona alitufumia zetu, fupi lakini rangi zile zile.

Kipindi kilianza tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy wa Marekani kuuawa, ndiyo maana wiki iliyofuata walirudia episodi ya kwanza. Mwandaaji alikuwa mwanamke, Verity Lambert, na mwongozaji wa hadithi ya kwanza, Waris Hussein, ni mzaliwa wa India. Mwaka 1966 William Hartnell, Daktari wa kwanza, alipozidiwa na maradhi, wakaamua Daktari abadilike mwili, akaingia Patrick Troughton. Ule uamuzi wa dharura ndio umekiweka hai kipindi mpaka leo.

Lakini niliingia hapa kwa jambo jingine. Kanda za video zilikuwa ghali, BBC ikawa inazifuta na kurekodia vipindi vingine. Zaidi ya episodi 90 za miaka ya 1960 hazijulikani zilipo. Zilizookoka, nyingi ni nakala za filamu za milimita 16 zilizouzwa nje ya nchi. Na mwaka 2013 ikatangazwa kwamba tisa zilizokuwa zimepotea zimepatikana Afrika, kwenye kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Zilikuwa zimekaa kwenye rafu miaka yote hiyo! London iliyozitengeneza ilizifuta, Jos ikazitunza. Niliponunua The Enemy of the World niliitazama mara mbili mfululizo, nikimtazama Troughton akicheza Daktari na dikteta, mtu mmoja sura mbili.

Naomba basi, mwenye mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye jumba la sinema au kituo cha televisheni amuulize kama kuna makopo ya filamu stoo. Usiyatupe, wala usiyafungue juani.

Meru Juu

Samahanini, yangu si ya angani, ila ni ya zamani na ni ya hapa. Hatari! ya Howard Hawks, John Wayne ndiye stelingi, ilitoka 1962 na ilipigwa Tanganyika, hapa chini ya Mlima Meru. Zile za kukimbiza faru kwa gari si ujanja wa studio. Waigizaji wenyewe wako juu ya gari, faru anapiga bodi na pembe, vumbi halionyeshi njia. Mwishoni tembo wadogo wanakimbia katika mitaa ya Arusha, na ukiwa mwenyeji utajikuta huwatazami tembo, unatazama majengo.

Nilikaa na babu, akawa ananionyesha kwa kidole: hapa palikuwa na duka, huyu anayepita nyuma ni wa ukoo fulani. Ya Waafrika hayasemwi mengi ndani ya filamu, wamewekwa kando, na hilo linaniuma. Hata hivyo sina picha nyingine ya rangi ya mji wangu wa wakati ule inayotembea.

Hardy Krüger, yule mwigizaji Mjerumani wa filamu hiyo, aliipenda Momella, hapa hapa chini ya Meru, hadi akanunua shamba pale na kujenga hoteli.

Mama wa Watatu

Nimesoma yote, ahsanteni. Wanangu wakiona picha nyeusi na nyeupe wanaondoka. Nianzie wapi?

Binti Likoni

Dada, usianze na ndefu. Anza na Safari ya Mwezini ya Georges Méliès, Mfaransa, ya 1902. Ni fupi, haifiki hata nusu saa, haina maneno, na ile roketi inayoingia kwenye jicho la mwezi itawamaliza kwa kicheko. Ipo nakala iliyopakwa rangi kwa mkono wakati ule ule, ilipatikana Barcelona na ikakarabatiwa hadi 2011, tafuta hiyo. Kisha Maple Street, na wewe uwatafsirie papo hapo kama wanavyofanya kwenye vibanda umiza.

Mtazamaji wa Ilala

Naunga mkono. Fundi, la gurudumu nimekubali, pesa ile ilikwenda mahali pake. Ila HAL ni taa nyekundu na sauti ya mtu mmoja, na ndiyo uliyosema huiwezi. Wa Bujumbura, Lubumbashi na Muscat hatujawasikia. Karibuni.